Mbwa Wangu Habweki

Sehemu ya Sita

Wiki jana mliniacha Lanet, kando ya lami, nimekalia godoro langu lililokunjwa, mbwa miguuni, baada ya keateka, msimamizi wa ploti niliyopanga, kunitolea vitu nje. Wasomaji wawili waliandika kuuliza kwa nini sikumjibu yule keateka alipokuwa akinitukana mbele ya watu. Mmoja alisema nina roho ya malaika.

Sina roho ya malaika. Sikumsikia.

Hilo ndilo jambo nililowaficha tangu sehemu ya kwanza. Niliwaeleza jinsi nilivyoachishwa kazi kwenye shamba la maua kule Naivasha. Niliwaeleza jinsi shemeji zangu walivyonifungia lango la Bomet hata kabla matanga ya mume wangu hayajaisha. Lakini sikuwaeleza kwamba mimi, Jeruto, mama wa miaka hamsini na mitatu, sikio langu la kulia limekufa kabisa, na la kushoto linalifuata.

Niliwaficha ninyi kama nilivyomficha kila mtu. Mtu akiniangalia na nikauona mdomo wake, naelewa. Akigeuka, amenipotea. Hapo huwa natabasamu, nasema, "Sawa, asante," na mambo yanapita. Miaka sita nimeishi kwa maneno hayo mawili.

Binti yangu Zeddy anafanya kazi Qatar. Alikuwa akinipigia kila Ijumaa. Naitazama simu ikitetemeka mezani mpaka inyamaze, halafu namwandikia kwamba nilikuwa kazini. Siku hizi amepunguza kupiga. Anafikiri nilikasirika alipoondoka.

Nilikuwa na Meneja tu.

Meneja ni mbwa wa rangi ya chai ya maziwa, sikio moja limekatika ncha. Nilimwokota akiwa mdogo nyuma ya ghala la kupakia maua. Wafanyakazi wenzangu ndio waliompa jina hilo, kwa sababu alitufuata polepole kutoka meza hadi meza kama anayetukagua. Mtu akibisha mlango, Meneja ananigusa goti kwa pua. Sufuria ikifurika, ananigusa goti. Tukivuka barabara na pikipiki inatokea upande wangu wa kulia, anasimama mbele ya miguu yangu, hasogei.

Hakuna aliyemfundisha. Aliniangalia tu, akajua.

Haya, jaribu wewe kutafuta nyumba ya kupanga Nakuru na mbwa.

Watu wengine hupiga zile nambari zilizoandikwa kwenye vibao. Mimi siwezi. Nilitembea. Kanisa moja lilituruhusu kulala kwenye stoo ya viti, na kila asubuhi tulitoka mimi na Meneja, ploti hadi ploti.

Mtaa wa Free Area, keateka alimtazama Meneja kabla hajanitazama mimi. "Mathe, hapa hata kuku hatutaki."

Kiamunyi, mama mmoja mwenye miwani alisema mbwa wanaruhusiwa kabisa. Nikashusha pumzi. Kisha akaongeza, "Lakini wale wadogo wa manyoya, wa ndani. Huyu wako ni wa kuchunga mbuzi."

Shabab, nilibisha lango la mama mmoja aitwaye Kuluthum. Alinikalisha kibarazani, akaniletea chai ya tangawizi na mahamri mawili. Akaongea akiniangalia usoni, pole pole, bila kujua alivyonisaidia.

"Dadangu, ingekuwa paka ningekupa funguo leo hii. Lakini mbwa ndani ya ua, na sisi tunaswali hapa. Sitaweza."

"Naelewa, mama."

Alisimama, akachukua sufuria kuukuu, akaijaza maji, akaitoa nje ya lango alikofungwa Meneja. Akaiweka chini, akarudi nyuma hatua tatu.

"Naye ana kiu," akasema.

Nilikuwa nimekataliwa milango kumi na minne kufikia siku hiyo. Huo ndio mlango pekee niliotoka nikilia.

Siku ya tano nilifika Barnabas, kwenye ploti ya Mzee Kahiga. Vyumba vinane vya mawe, vinne vinatazama vinne, mfereji katikati, ua wa michongoma mbele. Mzee alikuwa mjane, mrefu, mwenye masharubu meupe yaliyoshuka mpaka yakafunika mdomo wote. Nilisogea karibu sana ili sikio la kushoto linase kitu. Nadhani alifikiri sina adabu.

"Huyo mbwa anauma?"

"Hapana, mzee."

"Anabweka?"

Nilicheka. "Huyu? Mzee, tangu nimlee sijamsikia akibweka hata siku moja."

Ulikuwa ukweli mtupu. Niliusema nikimtazama machoni.

"Kuna msichana hapa, Abby, ni muuguzi," akasema, na hapo alipaza sauti nikashika yote. "Anaenda kazini usiku, mchana analala. Mbwa akimsumbua, mtatoka. Mimi sina mchezo."

"Mbwa wangu habweki, mzee."

Akanipa ufunguo wa namba sita.

Wiki hiyo hiyo nilipata kazi ya kumenya viazi kwenye hoteli moja mjini. Natoka saa kumi na mbili asubuhi, narudi saa tisa. Meneja namfungia ndani na maji na mabaki ya ugali. Nikirudi namkuta amekaa nyuma ya mlango, kimya, mkia unafagia sakafu.

Nilipanda maua kwenye mikebe ya rangi, nikaipanga mlangoni. Nilifikiri majirani watapita, watasifu, tutazoeana.

Hakuna aliyesifu. Mama wa namba tano alinipita mferejini kama anayepita nguzo ya stima. Watoto waliacha kucheza nilipotokea. Abby mwenyewe, msichana mwembamba mwenye sweta la buluu, alinitazama mara moja kwa jicho ambalo sitalisahau, akafunga mlango.

Nikasema, ah, watu wa mjini wanaringa. Nikawa naingia, napika, namsimulia Meneja habari za viazi. Siku nyingine nilipitisha jioni nzima bila mdomo wa mtu kufunguka mbele yangu.

Mzee Kahiga peke yake ndiye aliyekuja kuongea nami. Mara ya kwanza alikuwa akikata michongoma, mkasi mkononi, kichwa kimeinama. Aliongea kwa muda mrefu. Akanyoosha mkasi kuelekea mlangoni kwangu, kwenye mikebe ya maua.

Nikafurahi. Angalau mmoja ameyaona.

"Sawa, mzee, asante," nikamwambia.

Mara ya pili tulikutana langoni mvua ikinyesha. Akanyoosha mkono kwenye chumba changu, kisha barabarani, akatikisa kichwa kwa huzuni. Nikadhani anasema maji yanaingia.

"Sawa, asante sana, mzee."

Jumamosi ya mwisho wa mwezi sikuwa na kazi. Nilikuwa nachambua maharagwe Meneja akanigusa goti. Nikafungua mlango.

Nje kulikuwa na pikapu imejaa vitanda, makochi na magunia ya viazi. Kijana mmoja alikuwa amebeba mbao za kitanda begani. Mke wake, mjamzito, amesimama karibu na mikebe yangu ya maua na beseni la vyombo.

"Mmepotea," nikawaambia. "Hapa kuna mtu."

Kijana akatazama nambari mlangoni. "Mama, hii si namba sita?"

"Ni namba sita."

"Tuliambiwa unahama leo. Tumetoka Olenguruone usiku usiku."

Mzee Kahiga akatokea nyuma ya pikapu. Alisimama mbele yangu, akaangalia ndani, akaona kitanda kimetandikwa na sufuria ya maharagwe. Uso ukambadilika.

"Mama Zeddy! Hujafunga vitu?"

"Nifunge vitu niende wapi, mzee?"

"Si tulikubaliana?" Sasa alikuwa anapiga kelele, na sikio la kushoto lilishika kila neno. "Nilikuambia pale kwenye ua, mwezi ukiisha utoke. Ukasema sawa, asante. Nikakuambia tena langoni, nimeshapata mtu. Ukasema sawa, asante sana! Nikaenda nyumbani nikijiambia, huyu mama ana adabu kuliko watu wote niliowahi kufukuza!"

Nikashika fremu ya mlango.

"Unifukuze kwa nini? Nimekukosea nini?"

Akageuka, akawatazama majirani waliokuwa wameanza kutoka. Mabega yake yalipanda na kushuka. Alikuwa akisema maneno mengi, na yote yalinipita.

Mlango wa Abby ukafunguka. Alitoka amejifunga leso, macho mekundu, simu mkononi. Akaniletea simu mpaka usoni.

Niliona video. Niliona mlango wangu umefungwa. Basi.

"Ni mlango wangu," nikasema.

"Sikiliza!"

Nikautazama ule mlango tena. Watu wote walinikazia macho. Nilijua natakiwa kusikia kitu, na sikujua ni kitu gani, na lile tabasamu langu la miaka sita likaja lenyewe.

Abby alirudi nyuma kama aliyepigwa kofi.

"Unacheka? Wiki tatu sijalala, mathe. Juzi nilikaribia kumpa mgonjwa dawa isiyo yake kwa sababu ya usingizi. Na wewe unacheka?"

Nikamnyang'anya simu. Niliibana kwenye sikio la kushoto mpaka sikio likauma, mkono mwingine nikafunika la kulia kana kwamba hilo linasaidia.

Mwanzo hapakuwa na kitu. Kisha, mbali sana, nikasikia mlio. Mrefu, mwembamba. Ulipanda, ukakatika, ukaanza tena.

"Nani huyo analia?" nikauliza.

Hakuna aliyecheka. Abby aliinama mpaka akaona macho yangu.

"Ni mbwa wako," akasema, sasa pole pole. "Ukifunga lango tu, anaanza. Analia hadi saa tisa. Ukikaribia, ananyamaza. Mathe... kwani humsikiagi?"

Nikamwangalia Meneja. Alikuwa amekaa juu ya mguu wangu, mdomo umefungwa, ananitazama.

"Mzee," nikasema, "sikukudanganya. Mimi sisikii."

Tangu masikio yaanze kufa sikuwa nimelitamka neno hilo kwa sauti mbele ya mtu. Lilitoka na machozi, na kamasi, na aibu yote mbele ya ploti nzima na wageni na pikapu.

Mzee Kahiga alivua kofia. Masharubu yakacheza.

"Mzee, hayo masharubu yanafunika mdomo. Sijaelewa ulichosema."

Mama wa namba tano akaangua kicheko. Mzee hakucheka. Alishika masharubu kwa vidole viwili, akayainua, akaniuliza neno moja moja:

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesema, ungenipa chumba?"

Akavaa kofia.

Wale wageni walikuwa bado wamesimama. Mke alikuwa amekaa juu ya gunia, mkono tumboni. Walikuwa wamelipa, wamesafiri, hawakuwa wamemkosea mtu. Mzee akazunguka ploti mara moja, akarudi.

"Kuna stoo nyuma," akasema, masharubu ameyainua. "Ina dirisha, nitaitilia kufuli na stima. Kaa hapo. Lakini mbwa hapana, mama. Abby ataua mtu siku moja. Dada yangu Rahab ana shamba Olenguruone, kuna ng'ombe, kuna nafasi. Hii pikapu ikishashusha vitu inarudi huko. Kiplangat atamfikisha."

Kiplangat ndiye dereva. Alinipungia mkono kwa heshima.

"Mzee, huyu ndiye masikio yangu."

"Mathe, mimi nitakuwa nakubishia kwa kuwasha taa," Abby akadakia. "Nikiingia kazini namwambia mama Muiruri wa namba tano. Ujumbe wa simu si unasoma? Tutapanga. Hutakuwa peke yako."

Hapa ndipo nataka mnisikilize vizuri, kwa sababu ndiyo sababu niliomba mhariri anipe nafasi hii gazetini.

Ningeweza kukataa. Stoo ya kanisa ilikuwepo. Miguu ilikuwepo. Nimewahi kulala pabaya zaidi na yule mbwa, na hakuniacha.

Lakini nilikuwa nimezungukwa na watu. Kila mmoja alikuwa amenigeuzia uso, kila mmoja anaongea pole pole ili nielewe. Mama wa namba tano alikuwa amenishika kiwiko. Miaka sita sikuwa nimeshikwa kiwiko. Nilitaka kubaki na wale watu. Nilitaka kubaki nao hata kwa dakika tano zaidi, na bei yake ilikuwa imekaa juu ya mguu wangu ikinitazama.

"Sawa," nikasema. Na safari hii nilikuwa nimesikia kila neno.

Nilichana kipande cha katoni, nikaandika nambari yangu na maneno haya: USIPIGE. ANDIKA. Nikampa Kiplangat ampelekee Rahab. Nikatafuta kamba ya manila, nikaifunga shingoni mwa Meneja, fundo lisilobana.

Sikuhitaji kumwinua. Aliruka mwenyewe ndani ya pikapu tupu, akasogea pembeni, akaniachia nafasi. Alifikiri tunahama wote, kama tulivyohama kila mara.

Nikafunga ncha ya kamba kwenye chuma cha pikapu, kisha nikafunga mlango wa nyuma nikiwa chini.

Gari likaanza kwenda. Meneja akasimama. Akaniangalia, akaangalia ile nafasi aliyoniachia, akaniangalia tena. Na mdomo wake ukafunguka.

Nilimwona akibweka. Mbwa wangu, ambaye nimeapa kwenye milango kumi na mitano kwamba habweki, niliuona mdomo ukifunguka na kufumbika, kifua kikiruka, shingo ikivuta kamba, mpaka pikapu ikakata kona kwenye duka la mbao. Sikusikia chochote. Nilisikia ploti nzima ikinyamaza, hilo nililiona kwenye nyuso zao.

Mchana ule majirani walinihamisha. Walifagia stoo, wakaning'iniza pazia, mzee akaleta taa yenye swichi nje ya mlango. Mama wa namba tano akapika chapati. Abby hakulala, alikaa kitandani kwangu akinifundisha jinsi taa itakavyowaka mara mbili kama ni yeye, mara tatu kama ni mzee. Nilicheka. Ndiyo, nilicheka, siku ile ile. Nawaambia kwa sababu nimeahidi kusema yote.

Nilichukua simu nikamwandikia Zeddy: "Mwanangu, sikukasirika. Mamako hasikii." Sikuituma. Niliiacha pale nikasema nitaituma baadaye.

Saa kumi na moja jioni kila mtu alikuwa amerudi kwake. Nilikuwa naosha vyombo. Simu ilikuwa juu ya kitanda, nyuma yangu, na hakuna aliyenigusa goti. Sijui ilikuwa imekaa na ujumbe mpya kwa muda gani.

Ulitoka nambari nisiyoijua.

"Mama Zeddy mimi ni Rahab. Pikapu imefika salama. Kamba iko. Mbwa hayuko."

Niliusoma mara tatu. Kutoka Barnabas hadi Olenguruone ni Njoro, ni Elburgon, ni Molo, ni Keringet, ni msitu, ni malori ya mbao, ni mbwa wa watu. Na ni mbwa mmoja asiyejua njia ila ile ya kunirudia mimi.

Nilikimbia na povu la sabuni mikononi. Abby alikuwa anafunga kamba za viatu aende kazini. Nikampa simu. Akasoma, akaweka mkono mdomoni, akatafuta nambari ya Kiplangat, akapiga.

Nikasimama mbele yake nimkazie macho.

"Kiplangat? Ni Abby wa Barnabas," mdomo ukasema. "Yule mbwa alishuka wapi?"

Akasikiliza. Mimi nikasikiliza uso wake.

"Saa ngapi?" mdomo ukasema.

Akasikiliza tena, kwa muda mrefu. Nyusi zikakutana. Kisha akageuka, akatazama ukuta, na kila kitu kikanipotea. Niliona kisogo chake tu, na mkono wa kushoto ukikunja ncha ya sweta, ukiikunjua, ukiikunja.

"Abby," nikasema. "Geuka. Abby, nakuomba, geuka."

Aliondoa simu sikioni. Akageuka. Alinishika mkono wenye povu, akanivuta mpaka dirishani, penye mwanga, ili niuone mdomo wake vizuri.

Akaufungua, kisha akaufunga.

Itaendelea wiki ijayo.